Mama Matone na Kabati Lililofungwa

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi mlioshuka kwenye gari la hospitali mkaketi mstari wa mbele kabla ya wafiwa, poleni kwa msiba. Mimi ni mdogo wa kike wa marehemu, fundi cherehani, wengi wenu mnanifahamu kwa sababu mmelalia mashuka niliyoyashona, na familia imenikabidhi kazi ya kusoma historia ya dada yangu kwa kuwa, kama walivyoniambia wenyewe bila kunificha, nina sauti na sina haya. Jana nililetewa kutoka hospitali karatasi iliyochapwa vizuri ili niisome hapa badala ya hii niliyoiandika kwa mkono wangu, nikaisoma hadi pale iliposema kwamba marehemu alifariki kwa utulivu, bila maumivu, chini ya uangalizi wa karibu, basi nikaikunja palepale, na sasa hivi binamu yetu ameikalia ili upepo usiichukue. Nitasoma yangu.

Dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Matone, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati yetu wawili, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, baba yetu akiwa fundi saa na mama yetu akiwa mfuaji wa nguo za watu, na kwa kuwa alikulia katikati ya harufu ya sabuni na mashuka yanayochemka, alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Unywele mmoja kwenye mchuzi ulimtosha kushinda na njaa, kikombe chenye alama ya mdomo alikitazama kana kwamba kimemtukana, na mimi mdogo wake, niliyekuwa na kamasi muda wote, nililazwa upande wa ukutani na mto katikati yetu kama mpaka wa nchi. Baba alikuwa akimtania kwamba itabidi mume wake achemshwe kwanza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza mwaka 1969, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa ambalo nitawasimulia ili mumjue vizuri mtu tunayemzika. Maharage ya bweni yalikuwa na wadudu, wenzake wakawa wanawachomoa pembeni ya sahani na kula, yeye akanyanyuka, akabeba sahani yake hadi meza kuu, akaiweka mbele ya mkuu wa shule na kumwambia kwa adabu zote, shikamoo mwalimu, naomba uonje wewe kwanza. Mwalimu hakuonja. Dada akafungasha sanduku lake, akafika nyumbani akiwa amenuna, na mama alipomuuliza kwa nini asingekaa kimya kama wenzake, akajibu kwamba wenzake wamezoea, na yeye hakuona sababu ya kuzoea.

Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1977, akafanya kazi wodi za watoto na za majeruhi, na hapo ndipo tulipogundua jambo la ajabu, kwamba damu, matapishi na usaha havikumtia kinyaa hata chembe, alivishika kama mtu anayeshika unga, wakati muuguzi anayetafuna bazoka mbele ya mgonjwa anayelia alimfanya akose chakula cha mchana. Mwaka 1984 alichaguliwa kusomea kazi ya usingizi, na kuanzia mwaka 1985 akapangiwa katika chumba cha upasuaji cha hospitali ambayo viongozi wake wako hapa mbele yangu.

Kwa wasioijua kazi hiyo, muuguzi wa usingizi ndiye anayekaa kichwani pa mgonjwa wakati daktari anapasua, ndiye anayekulaza, au anayekuchoma sindano ya mgongo ili mwili ufe ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini huku wewe mwenyewe uko macho, unasikia mikasi, unasikia watu wakibishana habari za mpira juu ya tumbo lako, na yeye ndiye anayetakiwa kukurudisha salama. Sasa hiyo ganzi ya mgongo, pamoja na uzuri wake, ina balaa lake, watu wengi wakishapasuliwa hutetemeka, na sisemi kutetemeka kwa baridi ya asubuhi, nasema meno yanagongana, mabega yanaruka, kitanda chenyewe kinatembea, hadi ukuta wa chumba cha kuamkia wagonjwa ulikuwa umechubuka rangi pale vyuma vya vitanda vilipokuwa vikigonga. Ganzi ikiisha, maumivu nayo yanaingia kwa mkupuo. Na wahudumu wa siku hizo, Mungu awasamehe kama anaona inafaa, walikuwa na jina la jambo hilo, waliliita dansi, mama akianza kutetemeka mmoja anamwambia mwenzake, haya, dansi imeanza, na wanacheka. Dada alipowasikia mara ya kwanza aliwageukia na sindano mkononi akawaambia, mwingine akicheka namchoma ganzi ya ulimi. Waliacha kucheka, lakini blanketi lilibaki kuwa ndiyo dawa pekee.

Tarehe 13 Desemba 1986 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, shemeji yangu, mtu wa masihara na moyo mweupe, ambaye alimposa kwenye foleni ya chai ya wafanyakazi kwa kumwambia kwamba ameshapita mara nyingi mno mlangoni pa chumba cha upasuaji bila mgonjwa yeyote garini, na mafuta ya serikali yanaisha. Dada alikagua kucha zake kabla ya kumjibu. Waliishi kwa mapenzi na kelele hadi shemeji alipofariki mwaka 2009, na Mungu aliwajalia mtoto mmoja, binti yetu, huyu aliyekaa hapa mwanzo wa mstari wa pili.

Binti huyo alizaliwa tarehe 21 Agosti 1988, kwa upasuaji, kwa ganzi ya mgongo, katika chumba kilekile ambacho mama yake alikifanyia kazi, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo hapa sisimulii ya kuambiwa. Dada yangu alitolewa akiwa anatetemeka kiasi kwamba mkunga alipomletea mtoto hakuweza kumshika, alinyoosha mikono, mikono ikamkataa, akajaribu tena, mtoto akateleza, mkunga akamdaka na kunipa mimi. Nilimbeba binti yetu muda mrefu, nimemfunika kwa kitenge changu, na dada yangu akinitazama kutoka kitandani huku meno yanagongana, machozi yanamtoka, hawezi hata kusema. Baadaye, siku nyingi baadaye, aliniambia kwamba uchungu wa kidonda ulisahaulika, ila kile kitendo cha mtoto wake kupokelewa na mikono ya mtu mwingine hakuwahi kukimeza.

Mwaka 1994 alikuja daktari bingwa wa usingizi kufundisha kwa miezi michache, mwanamume mfupi, mchache wa maneno, na sitamnyima sifa zake, yeye ndiye aliyemwonyesha dada kwamba katika sindano ileile ya ganzi ya mgongo unaweza kuongeza matone machache ya dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, matone tu, kiasi cha kulowesha ncha ya kidole, na mgonjwa akatulia, asitetemeke, na maumivu yakamkawilia hadi siku ya pili. Dada alirudi nyumbani siku ile akiwa kama mtu aliyepewa habari za mtu wake aliyepotea. Mama wa kwanza kupewa matone alikuwa muuza viatu, alitolewa akiwa ametulia tuli, akampokea mtoto wake, akamtazama, halafu akaanza kujikuna pua na kuuliza kama anaweza kupata chai.

Hiyo pua ndiyo alama yake. Matone yana kawaida ya kuwasha kidogo, hasa puani, na ndivyo dada alivyopata jina, kwa sababu akina mama wa wodi ya wazazi walizoea kuulizana, wewe umetiwa matone, na aliyetiwa alijulikana kwa kujikuna pua huku anacheka. Wala sitawaficha kwamba mwanzoni aliwahi kuzidisha, mama mmoja akawashwa mwili mzima, akatapika, akaanza kupumua polepole mno, na dada akaburuta kiti, akakaa naye, akimwambia vuta pumzi, mama, vuta tena, hadi hatari ilipopita, na tangu hapo alipima kwa bomba la sindano dogo kuliko yote, na mtu akimsemesha wakati anapima alimjibu akimaliza.

Sasa nifike kwenye kabati. Dawa hiyo ni kali na watu wabaya huiiba, kwa hiyo inafungiwa kabatini, na baada ya mhudumu mmoja kukutwa chooni akijichoma mabaki, ilitolewa sheria kwamba hakuna kichupa kipya bila kurudisha kitupu chake, yaani kile kioo kilichovunjwa shingo, ukipeleka kitupu kimoja unapewa kizima kimoja. Dada yangu aliiunga mkono sheria hiyo, tena kwa nguvu, nasema hivyo ili mtu asije akasema namsafisha marehemu. Aliona ni haki dawa ilindwe. Ila yeye alikuwa na kawaida yake, akina mama wa upasuaji wa kupangwa aliwaweka asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine, kichupa kimoja akakigawa kwa mabomba kadhaa kwa usafi wake ule mnaoujua, kitupu kikarudi kwenye dirisha la kutolea dawa kabla chai ya saa nne haijapoa, na hakukuwa na mama wa kitanda hiki na mama wa kitanda kile. Mke wa mkubwa na muuza mchicha walijikuna pua sawasawa.

Alistaafu tarehe 1 Aprili 2016, akapewa saa ya ukutani, ambayo ilikufa baada ya miezi miwili na baba hakuwepo kuitengeneza. Na kabati nalo likapata mlinzi mpya, msimamizi wa dawa, mama ambaye wafanyakazi wenyewe humwita Mama Funguo, nami nitamwita hivyohivyo kwa kuwa hajawahi kukataa. Kwanza ikasemwa kwamba kufungua kichupa kwa ajili ya matone na kumwaga kinachobaki ni uharibifu. Halafu ikasemwa kwamba kugawa kichupa nako ni kinyume cha utaratibu. Kwa hiyo humwagi, hugawi, unafanya nini? Hutoi. Lakini kumbe vinatolewa, waombolezaji, vinatolewa kwa vyumba vya kulipia, vinatolewa kwa shemeji wa fulani, vinatolewa kwa mtu aliyejua kusogea dirishani na kunong'ona, na dada yangu akawa anakaa kibarazani kwake akisikia akina mama wakipita na vichanga, mmoja anasimulia alivyotulia, mwingine anasimulia meno yake yalivyogongana, na wote walipasuliwa siku moja, chumba kimoja. Alikwenda hospitali mara kadhaa, amevaa vizuri, mkoba mkononi, marashi yake, akaambiwa kwa upole, mama, umeshafanya kazi yako, pumzika sasa. Alirudi akiwa hawezi kula. Aliniambia, mdogo wangu, nimeona wadudu kwenye maharage, na watu wanakula.

Jumatano tarehe 5 Juni 2024 dada yangu aliteleza bafuni nyumbani kwake, akavunjika nyonga ya kushoto, akapelekwa hospitali hiyohiyo, na daktari wa mifupa, ambaye sina neno baya juu yake, akapanga kumpasua Ijumaa tarehe 7, kwa ganzi ya mgongo, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshachoka na usingizi mzito ungeweza kumshinda. Asubuhi hiyo, muuguzi wa usingizi aliyerithi kiti chake, mwanamke mzima, mwanafunzi wake mwenyewe, akaenda dirishani kwa Mama Funguo kuomba kichupa, akaambiwa alete kwanza vitupu viwili vya jana yake. Vitupu hivyo vilikuwa vimefagiliwa na kutupwa ndani ya lile sanduku la njano la sindano zilizotumika, ambalo likishafungwa, kwa sheria yao nyingine, haliruhusiwi kufunguliwa. Kwa hiyo sheria moja inasema leta kioo, nyingine inasema usiguse kioo, na watu wazima wenye vyeti wakasimama koridoni wakibishana juu ya vioo vilivyovunjika, huku vichupa vizima vimejipanga kwenye kabati lenye mlango wa kioo, nikivitazama kwa macho yangu haya, kwa kuwa benchi nililokalia linatazamana na dirisha lile.

Nikanyanyuka nikamwambia, samahani mama, si vile pale? Akanijibu bila kuinua uso kwamba anaviona kama ninavyoviona mimi, na utaratibu ni utaratibu. Nikamwambia, anayepasuliwa ni Mama Matone. Akapuliza maganda ya karanga kutoka kiganjani, ndiyo, alikuwa anakula karanga, akasema, kutetemeka hakujamuua mtu. Maganda mengine yakatua kwenye mkono wangu. Nimeosha mkono huu mara nyingi tangu siku hiyo, na bado naona kama haujatakata.

Dada yangu akapasuliwa kwa ganzi kavu. Akatolewa akalazwa katika chumba kile cha kuamkia, kando ya ukuta ule, na haikuchukua muda kitanda kikaanza kugonga. Nilimrundikia mablanketi, muuguzi wake akamrundikia mengine huku analia, akakimbia tena dirishani kuomba hata dawa ya kumchoma mshipani, ambayo nayo imo kabatini humohumo, akarudi mikono mitupu, na kutoka koridoni tulisikia bado wanauliza ni nani aliyefagia. Dada naye alisikia. Alinitazama, na katikati ya meno yanayogongana akajitahidi akasema, wa-waambie watafute na u-ufagio. Nilicheka, nikajichukia kwa kucheka. Ganzi ilipokwisha, maumivu yakamjia yote kwa pamoja, hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele za namna hiyo, aliuma shuka, na shuka lile nililishona mimi, nautambua upindo wangu. Neno la mwisho nililolielewa lilikuwa kuhusu binti yake, alisema, mimi niache, Jumanne ile nyingine ni zamu ya mtoto.

Jumamosi hakuweza kukohoa wala kuvuta pumzi kwa sababu kila pumzi ilikuwa kisu, moyo ukazidi kuchoka, na Jumapili tarehe 9 Juni 2024, mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, dada yangu akafariki. Daktari wa moyo alitueleza kwamba moyo ulishindwa, nami namwamini, sisemi kwamba kutetemeka ndiko kulikomuua, sina elimu hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye moyo uliochoka aliachwa atikisike hivyo, na kwamba alikosa matone aliyowatia wanawake wa mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini, hatua chache kutoka kwenye kabati lililojaa. Karatasi yenu mliyoniletea inaita hali hiyo utulivu. Nyinyi mna roho gani?

Sasa kwenye karatasi yangu hapa panafuata shukrani, lakini sitazisoma bado. Mnaujua utaratibu, jeneza halinyanyuliwi mpaka historia ya marehemu isomwe hadi mwisho, na mimi nasema mwisho haujafika, kwa sababu Jumanne tarehe 18 Juni, siku tano kutoka leo, binti yetu, huyu hapa mwenye tumbo, mimba yake ya kwanza, mtoto amekingama tumboni, atalazwa kwenye meza ileile na kuchomwa sindano ileile. Mama yake alikuwa awepo. Mama yake ndiye huyu hapa ndani ya sanduku. Mama Funguo, wewe uliyekaa mstari wa mbele na miwani ya jua, nakuuliza mbele ya marehemu na mbele ya watu wote hawa, binti yetu atapata matone, au naye atatafutiwa vitupu?

Wazee, naomba msininyamazishe, nimesema sina haya. Binamu, kaa, ukiinuka karatasi itapeperuka. Mimi nina nafasi, jua bado liko juu, na dada yangu hana haraka. Tunasubiri.

Anasimama. Mpisheni. Msogezeeni kipaza sauti, tafadhali, walio nje ya hema hawasikii. Sema mama.

Haya, kwa mliokaa nyuma, amesema kwamba anatupa pole sana, na kwamba binti yetu asiwe na wasiwasi wowote, atapata, atalisimamia jambo hilo yeye mwenyewe.

Ahsante. Nimekusikia, na watu wote hawa wamekusikia. Basi, hilo ndilo nililolitaka, nimelipata, na naomba nigeuze ukurasa niende kwenye shukrani, ili...

Nini, mwanangu? Hapana, usisimame na tumbo hilo, sema ukiwa umekaa. Mpeni kipaza sauti.

Mmemsikia? Kwa ambao hamkumsikia, amesema, mama mdogo, Jumanne tumepangwa wanawake sita. Anauliza, na wale watano, watawapokea watoto wao kwa mikono ya nani?

Nimeona haya, ndugu zangu, mbele yenu. Nimesimama hapa tangu mwanzo nikiwatukana watu wanaonong'ona dirishani, na mimi nimetoka kunong'ona kwa kipaza sauti. Nilishamchukulia mwanangu fungu lake nikawa naondoka. Mama yake angekuwa hai asingenisemesha wiki nzima. Mama Funguo, usikae, hujajibu. Binti wa Mama Matone amekuuliza, na wenzake je?

Amekaa. Amesema kwamba suala hilo litaangaliwa, na kwamba yeye hutekeleza tu anayoagizwa. Sawa. Anayekuagiza ni nani? Si huyo hapo pembeni yako anayetazama viatu vyake? Mganga Mkuu wa hospitali, mheshimiwa, tunakusikiliza wewe sasa, na nakuhakikishia kwamba hapa hakuna atakayekwenda makaburini wala nyumbani.

Haya, ameinuka. Nyamazeni.

Amesema, wote. Amesema kuanzia Jumanne kila atakayepasuliwa kwa ganzi ya mgongo atatiwa matone, asiyefaa kutiwa ataamuliwa na muuguzi wa usingizi na si na dirisha, vichupa vitagawanywa kama alivyokuwa akigawa marehemu, na habari ya vitupu ataibeba yeye.

Acheni makofi. Nawaomba, acheni, mnapiga makofi ya nini? Hebu angalieni jambo lenyewe. Hakutoka kwenda kuuliza, hakuita kikao, hakupiga simu, amesimama, amefunga kifungo cha koti, amesema wote, amekaa, na jasho halijamtoka. Kumbe lilikuwa neno moja tu, na lilikuwa kinywani mwako, mheshimiwa, Ijumaa yote, dada yangu akigonga ukuta, na ofisi yako iko upande wa pili wa ukuta huo. Ulisikia. Nalipokea neno lako kwa ajili ya wale wanawake sita, na Jumanne nitakuwa kwenye lile benchi tangu asubuhi, nikilitazama kabati, lakini kukupigia makofi, hapana, nitatapika.

Sasa nasoma shukrani. Familia inamshukuru daktari wa mifupa kwa kazi safi ya mikono yake, na muuguzi wa usingizi, mwanafunzi wa marehemu, aliyekimbia hadi viatu vikamvuka, mama, hukushindwa wewe. Tunawashukuru majirani waliovunja mlango wa bafuni na kumtoa dada kwa heshima, wamemfunika vizuri. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wastaafu waliokuja kwa miguu na kwa fimbo zao, na akina mama wote niliowaona wakiingia hapa na watoto waliokwisha kuwa watu wazima, kila mmoja akinishika mkono na kuniambia mwaka aliotiwa matone. Uongozi wa hospitali hautashukuriwa leo, na karatasi yao watarudishiwa na binamu yetu akishasimama.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, mdogo mmoja mwenye mdomo, na mjukuu ambaye bado hajaja.

Dada, kazi imepokelewa, lala. Historia imefika mwisho. Wabebaji, njooni mumchukue, taratibu, wote kwa pamoja, na tafadhali msimtikise.